Kupalia mkate

Anayeandika "sandwichi ya kugrili" kwenye ubao wa mgahawa mjini Kahama au Geita huenda anadhani Kiswahili hakina kitenzi cha kazi hiyo. Kinavyo, na kila kimoja kina moto wake. Nyama hubanikwa: moto uko chini tu. Mkate huokwa: joto huuzunguka. Asiye na tanuri huweka donge la unga kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, kisha hurundika makaa mengine juu ya mfuniko. Huko ndiko kupalia. Mkate huo ukipasuliwa, ukajazwa nyama na kuwekwa kwenye wavu, sasa unabanikwa.

Atasema mtu: kupalia ni neno la jembe, hasa Shinyanga, nchi ya pamba. Kweli, lakini mkulima hurundika udongo shinani mwa mmea na mpishi hurundika makaa mfunikoni: tendo ni lilelile. Msemo "kujipalia makaa" unathibitisha kwamba neno hili halikuingia jikoni jana. Sandwichi ibaki na jina lake la Kiingereza, kwa kuwa ilikuja nalo. Moto ni wetu, na vitenzi vyake tunavyo.