Kifungo cha Nje: Masharti Yanayombana Aliyetiwa Hatiani

Januari 2017, Mahakama ya Wilaya ya Kilombero mjini Ifakara ilitoa adhabu mbili tofauti katika shauri moja. Aliyekuwa Mbunge wa Kilombero, Peter Lijualikali, alihukumiwa kifungo cha miezi sita gerezani kwa kosa la kufanya fujo wakati wa uchaguzi wa Mwenyekiti wa Halmashauri. Mshtakiwa mwenzake alipewa kifungo cha nje cha miezi sita. Machi mwaka huo, Mahakama Kuu ilimwachia huru Mbunge huyo baada ya kukata rufaa.

Katika mazungumzo ya kila siku, “kifungo cha nje” hutajwa kwa amri zaidi ya moja za mahakama. Amri hizo hazilingani, na masharti yake hutofautiana.

Kuachiwa kwa masharti

Kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinairuhusu mahakama kumwachia aliyetiwa hatiani kwa sharti kwamba asitende kosa lolote katika muda utakaotajwa, usiozidi miezi 12. Mahakama huzingatia mazingira ya shauri, aina ya kosa na mwenendo wa mkosaji.

Amri hiyo haimaanishi kuwa mhusika ameonekana hana hatia. Akitenda kosa jingine kabla ya muda kwisha, anaweza kurudishwa mahakamani na kuadhibiwa kwa kosa la awali, mbali na adhabu ya kosa jipya. Kwa sababu hiyo, hakimu anawajibika kumweleza jambo hilo kwa lugha nyepesi kabla ya kutoa amri.

Athari zake ni kubwa kwa wakazi wa Bonde la Kilombero, ambako migogoro ya mipaka ya mashamba na ya mifugo kuingia mashambani hujirudia. Mkulima aliyeachiwa kwa masharti katika shauri la kumpiga jirani yake, akirejea shambani na kumtishia au kuharibu mazao yake, anaweza kukabiliwa na adhabu mbili. Mahakama inaweza pia kuamuru aliyeathirika alipwe fidia.

Huduma kwa jamii na uangalizi

Chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, mkosaji anayestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu anaweza, kwa ridhaa yake, kufanya kazi za umma bila malipo badala ya kukaa gerezani. Mahakama inaweza vilevile kumweka chini ya uangalizi wa afisa probesheni. Katika njia zote mbili, anayekiuka masharti huweza kurudishwa mahakamani.

Nafuu hizi hazitolewi kwa kila kosa. Pale sheria inapoweka kiwango cha chini cha adhabu, hakimu hufungwa na kiwango hicho.

Haki ya kukata rufaa

Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Wilaya hutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 10, na huwasilisha rufaa ndani ya siku 45. Uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo hukatiwa rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Kabla ya kuondoka mahakamani, mhusika anapaswa kufahamu amri iliyotolewa ni ipi, masharti yake ni yapi na muda wake unakwisha tarehe gani.