Kadi Nambari 0079

Taa za diski zote sita zilikuwa za kijani, na hilo ndilo lililotutatiza. Diski ikifa, taa yake hugeuka rangi ya chungwa au haiwaki kabisa. Hizi ziliwaka vizuri, na bado programu ya kusakinisha ilituambia kwa Kiingereza chenye adabu kwamba haijapata diski hata moja kwenye mashine hii.

Ilikuwa Jumamosi mchana, Agosti 2021, katika chumba kilichowahi kuwa stoo ya vitabu kwenye chuo kimoja kidogo nilikokuwa na mkataba wa miezi sita. Fundi mkuu, ambaye wote tulimwita Babu ingawa alikuwa hajafika hata miaka 60, alichomoa diski moja, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha. Hakuna kilichobadilika. Akachuchumaa mbele ya seva, akaitazama kwa muda.

“Mwanangu,” akaniambia, “hii mashine haioni, au imekatazwa kuona?”

Nilidhani anatania. Jioni ile ile nikajua kwamba hilo ndilo swali pekee la maana lililoulizwa chumbani mle siku nzima.

Seva yenyewe ilikuwa Dell PowerEdge R710, ya kizazi kilichoingia sokoni mwaka 2009, mwaka ule ule ambao mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na watu wakaanza kuota intaneti isiyokatika. Yetu ilikuja baadaye, kwa msaada, ikiwa imeshatumika Ulaya kwa miaka yake. Chuo kilipoipokea kilifanya sherehe ndogo, soda na picha. Tangu hapo ilibeba kila kitu: ada, usajili, katalogi ya maktaba na matokeo ya mitihani ya wanafunzi wote waliopita pale. Mtu akitaka nakala ya matokeo yake ili aombe kazi, jibu lilitoka kwenye sanduku lile la chuma.

Na sanduku lile lilikuwa likiendeshwa na CentOS 6, mfumo endeshi ambao muda wake ulikwisha tarehe 30 Novemba 2020. Kuisha muda maana yake ni kwamba viraka vya usalama havitengenezwi tena. Tundu likigunduliwa kesho, litabaki wazi. Kwa seva yenye matokeo ya mitihani, iliyounganishwa na intaneti, ndani ya chuo chenye vijana werevu wasio na usingizi, hilo si jambo la kulichekea. Isitoshe, aliyetuuzia mfumo wa usajili alikuwa ametoa toleo jipya, akasema wazi kwamba lazima liwekwe kwenye familia ya Red Hat, toleo la 8. Toleo la 7, ambalo lingeikubali seva yetu bila maneno, lilikuja na PHP 5.4 ya zamani. Tungeweza kulazimisha. Hatukulazimisha, na kuna usiku nilijuta.

Tulikuwa tumeshahamisha data zote kwenda kwenye diski mbili za nje. Kisha tukaifuta seva. Kwa hiyo Jumamosi ile, programu ilipodai kwamba hakuna diski, matokeo ya miaka saba yalikuwa ndani ya vifaa viwili vyenye ukubwa wa kiganja, kimoja mezani na kimoja kwenye mkoba wa Babu. Jumatatu asubuhi dirisha la usajili lilikuwa linafunguliwa.

Babu alifanya jambo ambalo mimi, mwenye cheti kipya, sikulifikiria. Alitoa flashi yenye Debian, akawasha seva nayo. Sekunde chache, diski zote zikaonekana, na ukubwa wake. Akazima, akarudisha flashi ya toleo la 8. Hakuna diski. Chuma ni kile kile, nyaya ni zile zile.

Sababu iko kwenye nambari. Kila kadi inayochomekwa ndani ya kompyuta ya namna hii hubeba nambari mbili, ya mtengenezaji na ya kifaa. Mashine inapowaka, kiini cha Linux huzunguka kila tundu kikiuliza wewe ni nani, na kila kadi hujibu kwa nambari zake. Kisha kiini hutafuta kiendeshi chenye nambari hizo kwenye jedwali lake. Ni kama mlangoni kwenye ukumbi wa harusi: jina lisipokuwepo kwenye orodha huingii, hata uwe mjomba wa bwana harusi. Diski zetu hazikuzungumza na mfumo moja kwa moja. Zilipitia kadi ya RAID iitwayo PERC H700, na kadi hiyo hujitambulisha kama 1000:0079. Ile 1000 ni ya LSI, kampuni iliyotengeneza moyo wa kadi. Ile 0079 ndiyo yenyewe.

Red Hat walipotoa toleo la 8, Mei 2019, kiendeshi cha kadi hizi, megaraid_sas, kilikuwemo. Kilichoondolewa ni baadhi ya nambari za kadi za zamani kwenye orodha yake, 0079 ikiwa mojawapo. Hawakuficha, waliorodhesha kwenye nyaraka zao kadi zote zilizotolewa, na asiyesoma shauri yake. Sisi hatukusoma. Wakati huo huo, kiini cha Linux kama kinavyotunzwa na watunzaji wake wakuu kiliendelea kuwa na 0079, ndiyo maana Debian ikaziona diski. Babu alikuwa amepata jibu lake. Mashine ilikuwa imekatazwa kuona.

Ni rahisi kukasirika hapa, na nilikasirika. Lakini nikae upande wa pili kidogo. Kampuni inayouza mfumo endeshi kwa mabenki na kuahidi kuutunza kwa miaka 10 haiwezi kuahidi kitu isichokipima. Ili kuipima kadi ya 2009 mwaka 2029, lazima mtu awe nayo mezani, iwe nzima, na kuwe na mtengenezaji wa kumpigia simu ikizingua. LSI yenyewe ilinunuliwa na Avago mwaka 2014, na miaka miwili baadaye Avago wakainunua Broadcom na kuchukua jina lake. Ungempigia nani? Kufuta nambari ni kusema: hatuwezi kuapa kwa niaba ya kadi hii. Ni kauli ya ukweli. Tatizo ni kwamba mashine haijui tofauti kati ya “hatuwezi kuapa” na “haiwezekani”.

Tofauti hiyo ina historia. Mwanzoni mwa 1991, mwanafunzi wa Helsinki aitwaye Linus Torvalds alinunua kompyuta yenye prosesa ya Intel 386, na juu yake akaandika kiini alichokitangaza Agosti mwaka ule. Linux ilizaliwa kwenye 386. Desemba 2012 jumuiya ya Linux iliiondoa 386, na toleo la 3.8 lililotoka Februari 2013 halikuweza tena kuwaka kwenye aina ya mashine lilikozaliwa. Torvalds hakulia. Na hakukuwa na sababu ya kulia, kwa kuwa 386 ilikosa kitu kweli: haina amri moja ya kulinganisha na kubadilishana thamani kwa mkupuo, ambayo ilikuja na 486 na ambayo prosesa nyingi zinazofanya kazi pamoja huitegemea. Kuibeba 386 kulimaanisha kuandika njia za pembeni kila mahali, na kila aliyegusa msimbo ule alilipa gharama hiyo. Intel wenyewe walikuwa wameacha kuitengeneza tangu 2007.

Wenye seva za Apple walikutana na mpaka wa namna nyingine. Xserve ya 2006 ilikuwa na prosesa za Xeon za biti 64, lakini programu ndogo inayoiwasha ilikuwa ya biti 32. Mwaka 2012 ikaja Mountain Lion, yenye kiini cha biti 64 peke yake, na mashine ambazo prosesa zake ziliuweza mfumo huo zikabaki nje kwa sababu ya mlango. Wakati huo Apple walikuwa wameshaacha kuuza Xserve. Wapenzi wa mashine hizo, na za Mac Pro zenye tatizo lile lile, waliandika upya faili moja la kuwashia, boot.efi, likawa mkalimani kati ya mlango wa 32 na nyumba ya 64. Faili moja tu, na mashine zikaishi miaka mingine.

Kwetu pia ilikuwa faili moja. Kuna kundi la watu wa kujitolea, ELRepo, wanaotengeneza viendeshi kwa ajili ya familia ya Red Hat, vikiwemo vile ambavyo nambari zake zimefutwa. Walikuwa na diski ya kiendeshi kwa megaraid_sas, nambari zetu zikiwemo. Nilipakua kwa bando la simu, nikaandika kwenye flashi. Flashi ya namna hiyo hubeba jina OEMDRV, na programu ya kusakinisha ikiona kifaa chenye jina hilo hukifungua yenyewe kabla ya kuuliza lolote. Tukachomeka flashi mbili, moja ya mfumo na moja ya kiendeshi. Feni zikanguruma. Babu alisimama mlangoni, hakutaka kutazama.

Diski zikatokea.

Tuliweka Rocky Linux 8.4, na hilo nalo lina kisa. Tarehe 8 Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS 8, ambayo watu waliitegemea hadi 2029, ingekoma mwisho wa 2021. Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS, akaanzisha mbadala na kuupa jina la mwenzake katika kazi ile, Rocky McGaugh, ambaye alikuwa ameshafariki. Toleo la kwanza kamili lilikuwa na miezi miwili tu tulipolisakinisha. Kwa hiyo mashine ambayo watengenezaji wa mfumo waliifuta ikawa inaendeshwa na mfumo wenye jina la marehemu. Babu alilipenda hilo. Alisema ndugu huzikana.

Jumatatu dirisha la usajili lilifunguliwa saa 2 asubuhi, na wanafunzi hawakujua kwamba kulikuwa na lolote.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuvuka mpaka kwa njia ya panya kuna ushuru wake, na haulipwi mara moja. Mwisho wa mwaka ule nilifanya sasisho la kawaida kwenda 8.5. Kiini kipya kikaja, kiendeshi chetu cha kuazima hakikulingana nacho, na seva ilipowaka upya ikasimama katikati ya giza, haina diski. Ilikuwa wiki ya mitihani. Nilichagua kiini cha zamani kwenye orodha ya kuwashia, ikaamka, na tangu siku hiyo nikaweka utaratibu: hakuna sasisho la kiini kabla ya kuona kiendeshi kipya kimetoka. Maana yake ni kwamba kuna siku tulikaa na tundu la usalama tunalolijua, tukisubiri watu wa kujitolea, wasiotudai kitu na wasiotudaiwa kitu. Tulikuwa tumekimbia mfumo usio na viraka. Na umeme je? Tulipoipima, seva ilikula karibu wati 190 hata ikiwa imekaa bure, uniti nne na nusu za Luku kila siku. Mhasibu wa chuo aliniuliza kama kisanduku kipya cha kisasa kisingefanya kazi ile ile kwa uniti moja. Kingefanya. Sikuwa na jibu ila kwamba kisanduku kipya kinahitaji fedha zote siku moja, na Luku hulipwa kidogo kidogo.

Mei 2024, AlmaLinux, ndugu mwingine aliyezaliwa na kifo cha CentOS, walitoa toleo lao la 9.4 wakarudisha kwenye orodha nambari nyingi zilizofutwa, za familia ya megaraid_sas zikiwemo. Nilikuwa nimeshaondoka chuoni. Nilimtumia Babu ujumbe, akajibu kwa picha ya kidole gumba.

Mwaka uliofuata ukaja mpaka wa tatu, na huu sijui niuweke upande gani. Toleo la 10 la Red Hat, la Mei 2025, linadai prosesa za ngazi iitwayo x86-64-v3, zenye amri za AVX2 ambazo Intel walizianzisha mwaka 2013. Prosesa za R710 hazina. Hapa chuma chenyewe kimepungukiwa, kama 386, na hakuna flashi ya OEMDRV itakayoziba pengo hilo. Lakini mfumo hauhitaji amri hizo ili kuishi; umejengwa uzitumie, kwa sababu ni za kasi zaidi kwa wenye nazo. AlmaLinux walilijua hilo, wakajenga toleo lao la 10 mara mbili, moja la v3 na jingine la v2 kwa mashine kama yetu.

Babu amestaafu. Aliyempokea, binti mmoja aliyemaliza chuo juzi, alinipigia simu mwaka jana. Data zimehamia kwenye mashine mpya, na R710 imebaki kutunza nakala za akiba, ikiwashwa usiku mmoja kwa wiki. Alikuwa anasafisha droo ya meza ya Babu, akakuta flashi ndogo nyeusi iliyofungwa kwa rababendi pamoja na karatasi yenye mwandiko wa kalamu ya wino. Karatasi ina tarakimu tu, 1000:0079.

“Shikamoo kaka,” alianza. “Samahani, hii ni nambari ya siri ya nini?”