Tarehe ya Unix ya Berkeley na Mashine Iliyogombaniwa

Watu wakitaja Unix ya Berkeley, jina la kwanza midomoni mwao ni Bill Joy. Kazi yake inajulikana, wala hatumnyimi haki yake. Lakini Joy alifika Chuo Kikuu cha California pale Berkeley mwaka 1975, majira ya vuli, akaikuta Unix ina karibu miaka miwili, imekwisha kuugua na kupona. Aliyeipokea ikiwa changa na kukesha nayo ni Keith Standiford, na tarehe yoyote isiyoanza na yeye imeruka mlango.

Asili yake ni hii. Novemba 1973 mabingwa wa mifumo endeshi walikutana Purdue, na Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs wakaieleza Unix, mfumo endeshi wao, hadharani. Profesa Bob Fabry wa Berkeley alikuwapo, akataka nakala. Siku hizo Berkeley ilikuwa na kompyuta kubwa za foleni: unakabidhi kazi yako, inapangwa na za wenzako, unarudi baadaye kuchukua majibu. Unix ilitaka mashine ya aina nyingine, PDP-11/45 ya kampuni ya Digital, ambayo mtu huketi mbele ya taipureta yake na kujibiwa papo hapo. Idara tatu zikachanga kuinunua: Kompyuta, Hisabati na Takwimu. Mchango huo ndio uliozaa ugomvi, nao tutaufikia.

Januari 1974 ukafika utepe wa Toleo la Nne. Matoleo hayo yalihesabiwa kwa chapa za kitabu cha maelezo: kitabu kikichapwa upya, mfumo nao unapata namba mpya. Kwingi Unix ilikofika mpaka wakati ule, Thompson mwenyewe alikuwa na mkono katika kuisakinisha. Berkeley hakuwamo. Aliyeusakinisha utepe ule ni Standiford, naye bado mwanafunzi wa shahada za juu.

Haukupita muda mashine ikaanza kuanguka, na sababu haionekani. Hapa ndipo penye ajabu ambayo wazee wa Unix hawachoki kuisimulia. Modemu ya Berkeley ilikuwa ya kupokea sauti, ile yenye vikombe viwili ambamo mkono wa simu hulazwa, na haikuweza kuitikia simu yenyewe. Thompson alipiga simu kutoka New Jersey, upande wa pili wa Marekani. Standiford akaipokea ndani ya chumba cha mashine, kisha akaulaza mkono wa simu katika vikombe, na kuanzia hapo zikawa zinazungumza mashine. Kasi yake ilikuwa bodi 300, yaani herufi kama thelathini kwa sekunde. Kwa mwendo huo Thompson alisoma kumbukumbu ambayo kompyuta iliacha ilipoanguka, akiwa mbali nayo maelfu ya kilomita.

Ugonjwa ukajulikana. Mashine ya Berkeley ilikuwa miongoni mwa za kwanza alizokutana nazo Thompson zenye diski mbili chini ya kidhibiti kimoja. Kitabu cha mtengenezaji kilisema diski hizo zinaweza kutafuta data kwa wakati mmoja. Kidhibiti hakikuweza kulifanya hilo kwa kutegemeka. Ushirika wa Berkeley na Bell Labs, uliokuja kuzaa makubwa, ulianzia kwenye simu ile, na aliyeishika upande wa Berkeley ni Standiford.

Sasa ugomvi. Hisabati na Takwimu hawakuitaka Unix. Walitaka RSTS, mfumo wa Digital wenyewe. Nao walikuwa na hoja, kwa kuwa mashine ni ya watu watatu na fedha zao zimo. Ikaamuliwa Unix ipewe saa 8, kisha RSTS saa 16, na ili pasiwe na wa kulalamika, zamu zihame kila siku. Leo Unix ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Kesho ni saa kumi jioni hadi saa sita usiku. Kesho kutwa ni saa sita usiku hadi saa mbili asubuhi. Na bado wanafunzi wa somo la mifumo endeshi waliona afadhali kuamka usiku wa manane wakaifuata Unix kuliko kurudi kwenye mashine ya foleni. Nani alikuwa na haki katika ugomvi ule, wanafunzi wale walijibu kwa miguu yao.

Maprofesa Eugene Wong na Michael Stonebraker, wenye mradi wa hifadhidata wa INGRES, hawakuivumilia ratiba hiyo. Mwaka huo huo wa 1974 wakanunua PDP-11/40 yao na kuweka Toleo la Tano.

Mwaka 1975 ikaja PDP-11/70, kubwa kuliko zote hizo. Thompson, ambaye alisoma Berkeley, akarudi kufundisha kwa mwaka mmoja. Yeye pamoja na Jeff Schriebman na Bob Kridle wakaiweka Toleo la Sita. Chuck Haley alifika vuli ile ile pamoja na Joy. Thompson alipoondoka mwaka 1976, vijana hao wawili wakaingia katika kiini cha mfumo, Schriebman akiwaangalia, wakaweka marekebisho yaliyokuja kwenye utepe wa Bell Labs uliojulikana kama wa mabadiliko hamsini.

Mwanzoni mwa 1978 Joy alikusanya kazi za Berkeley katika utepe mmoja, ukaitwa BSD, akatuma nakala kama thelathini. Baadaye ukafuata wa pili, wenye vi, kihariri cha kioo kizima, nakala kama sabini na tano. Baada ya hapo ni habari za kompyuta za VAX, nazo ni tarehe nyingine.