Watoto Wenye Ulemavu katika Nyanda za Juu za Kigoma

Historia ya kuwahudumia watoto wenye ulemavu katika Kasulu na Kibondo haina budi kuanzia nyumbani, kwa kuwa kwa muda mrefu hapakuwa na mahali pengine. Mtoto asiyeona, kiziwi au mwenye mtindio wa ubongo alilelewa na mama, bibi na ndugu zake. Malezi hayo yalikuwa na gharama: mama aliyebaki na mtoto alilima maharage na mihogo kidogo kuliko jirani yake, na kaya iliyokuwa maskini ikazidi kudidimia. Wapo waliowaficha watoto hao, na aghalabu husemwa kwamba walifanya hivyo kwa aibu. Lakini mzazi aliyekwenda shambani alfajiri bila mtu wa kumwachia mtoto, naye alifunga mlango.

Makanisa yalijenga shule, nazo zilikuwa mbali. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, iliyoanzishwa na Waanglikana, ni ya mwaka 1950. Ile ya Irente, Lushoto, ya Walutheri, ni ya 1963, nayo ya viziwi ya Mwanga, Kilimanjaro, ni ya 1981. Kutoka Kibondo hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita 1,000, na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 haikupita Kasulu wala Kibondo.

Mambo yalibadilika kuanzia mwaka 2007, mauaji ya watu wenye ualbino yalipoongezeka katika Kanda ya Ziwa na magharibi mwa nchi. Shule ya Msingi Kabanga, wilayani Kasulu, iliyokwisha kuwa na wanafunzi wenye ulemavu wa aina nyingine, ikafanywa kimbilio, kama Mitindo ya Misungwi na Buhangija ya Shinyanga. Baadhi ya akina mama waliwafuata watoto wao wachanga wakaishi nao humo, wakaacha mashamba. Chama cha Msalaba Mwekundu kilikuwa miongoni mwa waliosaidia.

Kabanga iliokoa maisha. Hilo lisemwe kwanza. Hata hivyo, mtoto asiyeweza kurudi likizo hukua mbali na ndugu zake, na undugu usiokula pamoja hulegea. Mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa kuhusu ualbino, Ikponwosa Ero, alipoitembelea Tanzania mwaka 2017, alizungumzia suala hilohilo la watoto kurejeshwa katika jamii zao.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iliagiza kamati hadi ngazi ya kijiji. Mwaka 2018 sheria ikazitaka halmashauri zitenge asilimia 2 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya watu wenye ulemavu. Ni hatua kubwa, lakini mkopo humfaa awezaye kufanya biashara. Mama wa kijana asiyeweza kuketi peke yake huhitaji kwanza jirani wa kukaa naye saa mbili, ili aende sokoni au ibadani.