Mvumo wa 50

Fundi wa Luthuli Avenue alinirudishia kinanda cha santuri cha babu kikiwa na sindano mpya, mkanda mpya, na kitu ambacho sikuitisha: mvumo. Mmmmm. Nikaweka "Helule Helule" ya Daudi Kabaka, ule wimbo ambao The Tremeloes wa Uingereza waliurudia 1968. Gitaa lilisikika kama liko nyuma ya mashine ya posho. Mama akasema, "Si uuze tu?"

Mvumo huo una historia. Kampuni za kwanza za stima zilianzishwa Mombasa na Nairobi mwaka 1908, zikaungana 1922 kuwa East African Power and Lighting. Uingereza ilipojenga gridi yake ya taifa baada ya sheria ya 1926, ilishika mizunguko 50 kwa sekunde, na makoloni yake mengi yakawa na hiyo hiyo, Kenya ikiwemo. Marekani ni 60. Kwa hivyo kinanda kibovu cha Nairobi huvuma karibu na noti ya G. Cha Chicago huvuma juu kidogo. Nilikuwa nikisikiliza mkoloni na Kabaka kwa spika moja.

Nikashusha sauti ya amplifaya hadi sufuri. Mvumo ukakatika. Kama ungebaki, ningeshuku zile kapasita kubwa za upande wa stima, ambazo hukauka zikizeeka. Mvumo wake mara nyingi huwa 100, si 50. Lakini ulikatika, basi shida ilikuwa inaingia kabla ya kitufe cha sauti. Nikagusa chuma cha mkono wa kinanda. Mvumo ukapungua. Hiyo ni dalili ya waya wa ardhi.

Beshte yangu akasema nikate pini ya ardhi kwenye plagi. Usijaribu. Stima ikivuja kwenye chuma, pini hiyo huipeleka ardhini badala ya mwilini mwako.

Nikageuza kinanda. Nyuma kulikuwa na waya mwembamba wa kijani unaning'inia tu. Fundi alisahau kuufunga. Nikauzungushia skrubu ya amplifaya, nikakaza. Kimya.

Nikarudisha sindano. Mvumo haukuwepo, ila mwanzoni kulikuwa na mikwaruzo, pale babu alipozoea kudondosha sindano kwa pupa. Mama alisikia akiwa jikoni, akaja akasimama mlangoni.

"Hiyo usitoe," akasema.