Rangi Haishikilii Ukuta

Ndugu msikilizaji, hivi karibuni mpwa wangu aliniomba nimsindikize Kahama kutazama nyumba aliyotaka kuinunua. Dalali alitupokea kwa bashasha. "Mzee, ukichelewa unaikosa," aliniambia. Rangi ilikuwa mpya, geti jipya, sakafu inang'aa. Mpwa wangu alikwishaanza kugawa vyumba: hiki cha watoto, hiki cha wageni. Mimi nikazunguka uani. Huko nikakuta ufa unaoanzia pembe ya dirisha na kushuka mshazari hadi chini. Ulikuwa umezibwa na kupakwa rangi, nao umefumuka tena.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndiyo maana leo napenda tuzungumze habari za nyumba za Shinyanga na Geita. Huwezi kujua thamani ya nyumba ya huku usipouliza kwanza ilijengwa wakati gani, na kwa ajili ya nani.

Zamani Wasukuma waliishi katika nyumba za msonge, za miti, fito, udongo na nyasi. Aliyejenga ndiye aliyelala ndani. Akichagua mti mbovu, mchwa walimwadhibu yeye mwenyewe. Tena wazee wale waliujua udongo wao kwa majina. Luseni ni ule wa kichanga wa kwenye miinuko. Mbuga ni ule mweusi wa bondeni, unaovimba ukinywa maji na kupasuka jua likiwaka. Ukijenga mbugani bila msingi wa kutosha, nyumba huinuliwa masika na kushushwa kiangazi, mpaka kuta zichanike.

Kisha yakaja mambo mapya. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga. Dhahabu ikachimbwa Geita hadi mgodi wa zamani ulipofungwa mwaka 1966. Huko Mwadui, John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi mwaka 1940, na mji mzima ukajengwa, wenye nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali. Kampuni ilijua kwamba nyumba ikiharibika, gharama ya kuitengeneza ni yake. Mjenzi wa namna hiyo ana sababu ya kutopunja saruji.

Haraka ilikuja baadaye. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wengi walihamishwa kwa muda mfupi na kulazimika kujenga kwa chochote kilichokuwa karibu. Halafu ikaja migodi mikubwa: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Wageni walimiminika wakitafuta vyumba. Wapo waliojenga vizuri, lakini wapo pia waliojenga ili kodi ianze kuingia kabla saruji haijakauka. Hapo aliyejenga na anayelala ndani wakawa watu wawili tofauti.

Msikilizaji, jambo hili si la fedha tu. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe yenye upepo mkali ilipiga kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na wengi waliangukiwa na nyumba zao. Tofali bichi likilowa hurudi kuwa tope, na ukuta wa tope ni mzito. Simlaumu mwanakijiji aliyejenga kwa alichokuwa nacho. Ninayemshangaa ni mwenye fedha mkononi anayenunua ukuta wa namna hiyo kwa sababu umepigwa plasta na kupakwa rangi.

Basi ukienda kununua, nenda na fundi wako mwashi, si wa dalali. Nenda baada ya mvua, uone maji yanatuama wapi. Omba kuchimba kidogo pembeni, uuone msingi. Tafuta mahali plasta ilipobanduka: tofali lililoiva, ukiligonga, hulia, bichi hukwaruzika kwa msumari. Uliza kama kuna lenta juu ya milango na madirisha. Panda darini utazame kenchi, kama mbao zimeliwa na mchwa. Uliza geji ya bati, na kumbuka kwamba namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba: la 32 ni jepesi kuliko la 28. Kisha jumlisha bei na gharama ya marekebisho. Hiyo ndiyo bei yenyewe. Wala usihesabu kodi ya wapangaji wa mgodi kama mali ya milele. Uzalishaji wa Buzwagi ulikoma mwaka 2021, lakini nyumba zimebaki palepale.

Tulipomleta fundi, alichimba kwenye pembe ile yenye ufa. Msingi ulikuwa kozi mbili tu za tofali, zimekaa juu ya udongo mweusi. Dalali akapunguza bei papo hapo. Mpwa wangu akanitazama. "Mjomba, si imeshuka sana?" Nikamuuliza, "Watoto utawalaza chumba kipi?" Akautazama ule ufa, ambao ulikuwa kwenye chumba alichokwisha kuwagawia. Tukaaga, tukaondoka.

Hadi juma lijalo, kwaherini.