Mgeni katika Wimbo: Neno "Chemirocha" na Rekodi za Wakipsigis za Mwaka 1950

Kedowa ni kituo kidogo cha biashara kwenye njia ya reli itokayo Nakuru kwenda Kisumu, baina ya Londiani na Kipkelion, mji ambao zamani ukiitwa Lumbwa. Reli hiyo ilifika ziwani mwaka 1901. Mji wa Kericho wenyewe haukupitiwa nayo. Kwa hiyo mashamba makubwa ya chai yalipoanzishwa huko katikati ya miaka ya 1920, ilibidi mizigo ipitie stesheni za upande huu. Lakini nchi iliyofunguliwa na reli haikupokea majembe na mabati peke yake. Santuri nazo ziliingia katika nchi ya Wakipsigis, na pamoja nazo ikaingia sauti ya Mmarekani mmoja ambaye naye, kabla ya kuwa mwimbaji, alikuwa mfanyakazi wa reli.

Mtu huyo ni Jimmie Rodgers, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1897 na kufariki kwa kifua kikuu mjini New York mwaka 1933. Alirekodi kwa mara ya kwanza Agosti 1927. Miezi michache baadaye, mwaka 1928, Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi sahani zake. Sahani za kampuni zote mbili zilikuwa na nembo ile ile ya mbwa anayesikiliza santuri. Basi tusidhani kwamba Afrika Mashariki ilikuwa ikipokea tu: katika miaka hiyo hiyo ilikuwa ikiuza sauti zake pia. Sifa kuu ya Rodgers ilikuwa namna yake ya kuirusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa, ikawa nyembamba, kisha kuirudisha. Ufundi huo hauhitaji mkalimani.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekulia kikazi kusini mwa Afrika na ambaye mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, alipita Kenya akiwa na vyombo vyake vya kurekodi. Huko Kapkatet, kusini-magharibi mwa mji wa Kericho kwenye barabara iendayo Sotik, alirekodi nyimbo tatu zenye jina moja: Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume. Ya tatu, ambayo haifiki dakika mbili, iliongozwa na Chemutoi Ketienya akiitikiwa na wasichana wenzake, huku kinubi kiitwacho chepkong kikipigwa chini ya sauti zao. Chemirocha si mwingine ila ni Jimmie Rodgers.

Wimbo huo wa tatu umesikika duniani pote, na kila uendako huandamana na maelezo ya Tracey. Yeye alieleza kwamba wasichana hao walimwona Chemirocha kuwa kiumbe nusu mtu na nusu swala, na kwamba wimbo wenyewe unamhimiza acheze kwa kuruka. Fasiri hii imewafurahisha wengi. Nadhani imewafurahisha kupita kiasi. Ina harufu ya hekaya za Wayunani, ambazo Mwingereza wa kizazi chake alizinywa shuleni, na inamweka Mkipsigis mahali anapopendwa kuwekwa, yaani mahali pa mtu anayestaajabia mashine. Wazee waliohojiwa Kapkatet miaka zaidi ya sitini baadaye hawakuwa na mungu yeyote wa kusimulia. Kwao neno hilo lilihusu Wazungu, watu wageni wa kutilia shaka. Kwa maoni yetu, uchunguzi ungalianza na neno lenyewe, kwani neno ni ushahidi ambao Tracey hakuuandika yeye.

Tuanze na sauti. Katika Kikalenjin, ambacho Kikipsigis ni tawi lake mojawapo, vipasuo havitofautishwi kifonimu kwa ughuna: ch na j hazitenganishi maana. Kwa hiyo sauti ya kwanza ya "Jimmie" na ile ya katikati ya "Rodgers" zote mbili zinaangukia kwenye ch. Hakuna z ya kumalizia jina, nayo ikadondoka. Hadi hapa hatuna zaidi ya utohozi wa kawaida, na msomaji anaweza kusema kwamba jina limekosewa kidogo tu katika kutamkwa.

Lakini kuna zaidi. Majina ya Wakipsigis huanza kwa viambishi awali: Kip- au Ki- kwa wanaume, Chep- au Che- kwa wanawake. Aliyezaliwa asubuhi ni Kimutai akiwa mvulana, na Chemutai akiwa msichana. Tazama sasa Chemirocha linapokaa: liko bega kwa bega na Chemutai, na bega kwa bega na Chemutoi, jina la yule aliyeongoza wimbo. Kiambishi hicho hicho kimo katika chepkong, jina la kinubi, na twakisikia pia katika majina ya mahali kama vile Chepalungu. Mwanamume wa Mississippi amevalishwa kiambishi cha kike, na hakuna aliyemwita Kimirocha.

Mswahili hana haki ya kushangaa. Sisi tulilipokea neno la Kiarabu, kitabu, tukaisikia ki- yake kuwa kiambishi cha ngeli, tukasema vitabu. Na madereva wetu wamefanya hivyo hivyo kwa kipilefti na vipilefti. Hakuna anayesema kwamba Waswahili walistaajabia vitabu hata wakavifanya miungu. Tunasema kwamba sarufi imelipokea neno na kulipa mahali pa kukaa. Wengi wetu tuliosomea isimu ng'ambo tulifundishwa mifano hii kama vichekesho vya darasani, ilhali ni matendo ya lugha yenye kujiamini. Lugha dhaifu huliacha neno geni lisimame mlangoni na viatu vyake.

Hapa ndipo swali la historia linapobadilika. Zile sahani za Tracey, zaidi ya mia mbili katika mfululizo wake wa Sauti ya Afrika, zimejaa waimbaji kutoka kila pembe, na mazoea ni kuzisikiliza kana kwamba wote hao walialikwa na mwenye mashine. Ndivyo inavyosemwa hata leo juu ya albamu za majaribio zinazokusanya sauti za waimbaji wengi: mwenye studio ndiye mwenyeji, waimbaji ndio wageni. Katika Chemirocha mambo ni kinyume. Mgeni ni Rodgers. Ameingizwa katika wimbo wa watu, kwa kinubi cha watu, kwa jina lililokatwa kwa kipimo cha majina yao. Wakipsigis wana jina la mtoto wa kike aliyezaliwa wageni wakiwapo: ni Cheptoo, na wa kiume ni Kiptoo. Jamii inayotunza kumbukumbu ya wageni ndani ya majina ya watoto wake ilijua vizuri la kufanya na sauti iliyofika bila mwenyewe.

Rodgers naye, ni haki kusema, hakuwa mgeni wa mchanganyiko kama huu. Julai 1930 alirekodi mjini Hollywood pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta Mweusi, wakati ambapo maduka ya Marekani yaliuza sahani za Weusi na za Weupe kwa orodha mbalimbali. Sauti yake ilikuwa na deni kubwa kwa uimbaji wa Weusi wa Kusini. Kwa hiyo kilichofika Kericho kilikuwa kimekwisha kuchanganywa kabla hakijapakiwa melini.

Ubaya uko katika mapokezi ya upande wa pili. Rekodi zilipelekwa kusini mwa Afrika, na baada ya kifo cha Tracey mwaka 1977 mkusanyo ulihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes. Walioimba walibaki Kapkatet bila nakala. Kati ya 2014 na 2015 maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilizirudisha nyimbo kwa Wakipsigis, na baadhi ya waliohusika mwaka 1950 wakapatikana wakiwa hai. Mradi wa Singing Wells, ambao Ketebul iliuanzisha mwaka 2011 pamoja na wenzao wa London, umekuwa pia ukiwaita wanamuziki wa leo kutunga juu ya nyimbo za wazee. Hiyo ni kazi njema, na ina mashine iliyo karibu zaidi na waimbaji.

Hata hivyo nakala zilizorudi zilirudi na maelezo yale yale, na nusu mtu nusu swala bado anarukaruka katika majalada. Maneno ya nyimbo zote tatu yanastahili kuandikwa kwa tahajia ya Kikipsigis, kufasiriwa na Mkipsigis aliyesomea lugha yake, na kuchapishwa pamoja na majina kamili ya waitikiaji kila yanapopatikana. Waliokuwa wasichana mwaka 1950 sasa wamepita umri wa miaka themanini.